Piper Arrow III: ndege nzuri, ila miguu yake inataka mtu makini

Watu wananiuliza sana kuhusu Piper Arrow, hasa vijana wanaosaka leseni ya biashara na jamaa wachache wenye hela zao wanaotaka ndege ndogo ya kwenda nayo shamba na pwani, na swali ni lilelile: hii ndege ya miguu ya kukunja ina maana au ni kujitafutia presha? Arrow III nimeirusha kwa muda wa kutosha kuwa na maoni, nimeipenda na nitasema kwanini, ila siwezi kuandika habari za Arrow bila kuandika zaidi habari za miguu yake maana hela inaishia huko na ndege zinaharibikia huko. Vingine vyote ni vya kawaida tu, ukishajua Cherokee au Warrior, ndugu zake wa Piper wenye miguu ya kudumu, nusu ya Arrow umeshaijua.

Kwa asiyeijua kabisa, Arrow ni ile Cherokee ya Piper wa Vero Beach, Florida, waliyoitoa mwaka 1967 ikiwa na miguu inayoingia ndani baada ya kuruka. Ya kwanza injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 180, baadae wakapandisha 200, halafu 1977 ikaja Arrow III yenye bawa jipya linalochongoka kuelekea nchani na matenki makubwa ya galoni 72 za kutumia, kama lita 270 hivi. Injini ni Lycoming IO-360, viti vinne, mlango mmoja tu upande wa kulia juu ya bawa (huo mlango nitaurudia). Ukishakunja miguu inakwenda noti (maili za baharini kwa saa) 130 na kitu bila kulalamika, imetulia angani, haikurushi rushi ovyo kama upepo wa mchana wa Dodoma unavyofanya kwa vindege vyepesi zaidi, na kwa safari ndefu hayo matenki yanakupa uhuru ambao wenye Cessna 172 wanautamani.

Sasa miguu. Nyuma ya sehemu ya mizigo kuna pampu ya haidroliki inayozungushwa na mota ya umeme, ukivuta leva juu inasukuma mafuta upande mmoja miguu inaingia, ukishusha leva mota inazunguka kinyume na miguu inatoka, kazi nzima kama sekunde 7. Kitu ambacho wengi hawakijui, na kwangu ndio sababu ya kwanza ya kuiamini hii ndege, ni kwamba miguu ikiwa juu haijafungwa na kitu chochote. Hakuna ndoano ya kuishika juu. Inashikiliwa na presha ya mafuta peke yake. Maana yake bomba likipasuka, mafuta yakimwagika yote, pampu ikafa, umeme ukakatika, miguu inataka kushuka yenyewe kwa uzito wake, na ikifika chini ndio kuna ndoano za chuma zinazoifunga. Yaani waliotengeneza walijiuliza kitu gani kitaharibika halafu wakapanga kikiharibika kiharibikie upande wa usalama. Hiyo ni akili kubwa sana na inastahili sifa.

Linganisha na Cessna 172RG, ambayo nayo ni ndege nzuri na nina marafiki wanaipenda kufa. Ile miguu yake mikubwa (miwili ya nyuma, sio wa pua) inazunguka kwenda nyuma na kuingia chini ya tumbo, na pampu ikigoma unatoa mpini kati ya viti unaanza kupampu kwa mkono, kitabu chake kinasema kama mara 35 mpaka usikie mpini umekuwa mzito. Inafanya kazi. Lakini ule mpini unasukuma mafuta, na kama mafuta yenyewe yameshamwagika njiani unasukuma nini? Kwenye Arrow unashusha leva ya dharura iliyo kati ya viti pembeni ya mpini wa flapu (vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), presha inaachiliwa, mvutano wa dunia unafanya kazi yake. Mvutano wa dunia hauna fyuzi.

Na bado inagoma. Hapa ndio nataka tukae kidogo maana nimeona kwa macho.

Tulikuwa tunarudi Arusha kutoka Dodoma kwenye Arrow ya rafiki yetu mmoja, mbele kushoto Kapteni, mzee wangu aliyenifundisha mengi, mimi kulia, nyuma mama mkubwa wa mwenye ndege na mabegi yake. Hali ya hewa safi, Meru inaonekana mpaka kileleni. Tunajipanga kuingia Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, spidi imeshuka, Kapteni anashusha leva, mota ikalia kama kawaida, taa ya kijani ya mbele ikawaka, ya kulia ikawaka, ya kushoto giza. Na ile nyekundu ya kusema miguu haijakaa sawa ikabaki imewaka. Kapteni hakusema kitu, akaongeza pawa, akawaambia mnara hatutui tunaomba kupanda na kuzunguka tuna taa moja haijawaka. Mnara wakatupa nafasi upande wa kusini tuzunguke, wakauliza tuko watu wangapi na mafuta ya muda gani. Wanauliza hivyo siku zote, ndio taratibu, ila siku hiyo ukiulizwa wewe unalisikia hilo swali tofauti.

Mama nyuma akashtuka kwamba tunapanda tena. "Wanangu, kuna shida?" Kapteni akageuka nusu akamwambia, "Mama, taa moja ya tairi haijawaka, tunaiangalia, kaza mkanda tu." Akakaza, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Niseme ukweli, ile sauti yake ilinituliza mimi zaidi kuliko cheklisti.

Cheklisti ya Piper kwa hili iko vizuri sana, na hii ni sehemu ya review maana kitabu ni sehemu ya ndege. Haikuambii uanze kwa kuvuta leva ya dharura. Inakuambia kwanza hakikisha masta swichi (swichi kuu ya umeme) iko on, halafu angalia sakiti breka, halafu kama ni mchana ZIMA taa za dashibodi, halafu angalia balbu. Hiyo ya tatu ndio imewaokoa watu wengi na imewatisha wengi bure. Kwenye Arrow ukiwasha taa za dashibodi zile taa tatu za kijani zinafifia zenyewe ili usiku zisikuumize macho, sasa mchana jua kali likipiga dashibodi zikiwa zimefifia huoni kitu, unaona giza tatu unadhani miguu imegoma kumbe iko chini imefungwa kabisa. Mtu amewasha swichi asubuhi na mapema, jua limetoka, amesahau, anafika uwanjani moyo unamdunda. Kama wewe unajifunza Arrow na mwalimu hajakuonyesha hii kitu siku ya kwanza, muombe akuonyeshe.

Taa zetu za dashibodi zilikuwa zimezimwa. Ikabaki balbu. Zile balbu tatu zinafanana, unaweza kuichomoa moja ukaiweka mahali pa nyingine, basi nikachomoa ya kulia iliyokuwa inawaka vizuri nikaichomeka kushoto. Giza. Nikaichukua iliyotoka kushoto nikaichomeka kulia, ikawaka kijani safi kabisa. Hapo ukajua, sio balbu. Ama swichi ndogo ya mguuni haisomi ama mguu wenyewe haujafunga.

Tukaomba kupita chini mbele ya mnara watutazame. Wakaangalia na darubini wakasema miguu yote mitatu iko nje. Asante sana, ila hapo lazima mtu aelewe, mnara wanaona mguu uko nje, hawawezi kuona kama umefungwa. Mguu uliotoka bila kufunga unasimama vizuri tu mpaka uzito wa ndege uukalie. Kapteni akawashukuru, tukapanda tena, akapunguza spidi chini ya noti 87 kama kitabu kinavyosema, leva ya miguu iko chini, akashika leva ya dharura akaishusha akaishikilia. Tukasikia kitu kimeshuka kidogo. Taa bado. Hapo kitabu kinasema hatua ya mwisho, yumbisha ndege kwa nguvu kushoto na kulia kwa pedali. Sababu ni kwamba miguu mikubwa ya Arrow inakunjwa kuelekea katikati ya ndege, kwa hiyo pua ikitupwa upande kwa ghafla mguu unasukumwa kwenda nje na kupigwa kwenye ndoano yake. Kapteni akakanyaga kulia, akakanyaga kushoto, kulia tena, mabegi ya mama yakagonga ukuta, na kwenye kukanyaga kulia mara nyingine nikasikia KLAK chini upande wa kushoto na kijani ya kushoto ikawaka, nyekundu ikazima.

Hatukushangilia. Tukatua kama vile haijawaka, yaani gari la zimamoto pembeni ya njia, mama ameelezwa namna ya kukaa na kuinama, mlango nimeufungua lachi kabla ya kugusa (ndio huo mlango wa kulia, ndege ikikaa vibaya bodi inapinda na mlango mmoja unakwama, na huna mwingine), Kapteni ameweka tairi la kulia kwanza akaliacha bawa la kushoto lielee mpaka spidi ikaisha. Mguu ukashika. Mama aliposhuka alilishika lile tairi kwa mkono, kisha akamshika Kapteni mkono.

Fundi akaiweka kwenye jeki jioni ile ile. Alichotoa kwenye ndoano ya kushoto nilikishika mwenyewe: grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi la changarawe mpaka ikawa ngumu kama ugali wa jana, nyeusi nje nyekundu ndani ukiivunja. Ndoano ilikuwa inasogea lakini kwa kivivu, haikuwa na haraka ya kushika. Akaisafisha, akapaka grisi mpya kidogo, akakunja na kukunjua miguu ikiwa hewani kwenye jeki mara nyingi tukitazama, na kila mara klak, klak, klak, tatu mfululizo. Hakuna kipuri kilichonunuliwa siku hiyo. Karakana iliyokuwa inaitunza hiyo ndege kabla, ambayo siitaji, iliandika kwenye logibuku (kitabu cha kumbukumbu za matengenezo) kwamba miguu imekaguliwa na kulainishwa. Kuandika waliandika.

Kwa hiyo ukiniuliza Arrow ina tatizo la miguu nitakujibu hapana, ina mahitaji ya miguu. Mfumo wenyewe ni rahisi kuliko unavyodhani na ukikaa na injinia mzuri nusu siku ataufungua wote mbele yako. Vinavyosumbua ni vilevile kila siku. Maikroswichi za kusema mguu uko chini zinaingia vumbi na maji. Oringi za mpira kwenye silinda zinachoka na mafuta mekundu yanaanza kuchora mstari chini ya bawa, ukiuona huo mstari asubuhi usiufute tu na kitambaa, uliza unatoka wapi. Mota ya pampu brashi zake zinaisha, utaisikia inalia kwa muda mrefu kuliko kawaida, au inajiwasha yenyewe kila baada ya muda mfupi mkiwa angani, hiyo maana yake presha inavuja mahali na pampu inajaribu kuirudisha. Alteneta ikifa na betri ikachoka mota haina nguvu, ila hapo una mvutano wa dunia kama nilivyosema. Na shokapu ya kushoto ikiwa imekaa chini haina gesi, kuna swichi pale inayozuia miguu isikunjwe ndege ikiwa ardhini, itadhani bado mko chini na miguu itakataa kuingia baada ya kuruka. Hilo ni kero tu sio hatari, unarudi unatua.

Halafu kuna yale ya chuma chenyewe. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, walitoa agizo la lazima mwaka 1995 kuhusu vile vijiti vya chuma vya kushikia mkono wa pembeni wa mguu mkubwa, kwenye Arrow na ndugu zake kadhaa wa Piper, kwamba vinapata nyufa na mguu unaweza kulala. Ukaguzi wake unajirudia kwa masaa. Ukienda kununua Arrow fungua logibuku utafute hilo kabla hujaangalia rangi na viti. Na ukiwa umeshafungua logibuku tafuta pia ukaguzi wa mhimili wa bawa, maana mwaka 2018 Arrow ya chuo cha Embry-Riddle pale Daytona Beach iling'oka bawa angani kwenye mtihani wa rubani na watu wawili wakafa, uchunguzi ukakuta ufa wa uchovu kwenye mhimili, na agizo la kukagua likaja baadae. Hilo sio suala la miguu moja kwa moja, ila ndege ya mafunzo inayopigwa chini na wanafunzi kila siku inapokea mapigo yote kupitia miguu na miguu imeshikwa na bawa. Usinunue Arrow iliyotoka shuleni bila kujua historia yake yote.

Kuhusu ule mfumo wa kushusha miguu yenyewe. Arrow nyingi za zamani zilitoka kiwandani na kifaa kinachopima upepo ubavuni, ukipunguza spidi na pawa sana miguu inashuka hata kama leva iko juu, lengo rubani asije akatua na tumbo kwa kusahau. Wazo zuri na liliwaokoa watu. Shida ni pale injini inapozima angani, unatafuta kila mita ya kuelea ufike uwanja au shamba, na ndege inakushushia miguu bila kukuuliza, miguu ikiwa nje inakuvuta chini, na mfumo una namna ya kuuzuia ila inataka mkono wako wakati mikono yote ina kazi. Piper wenyewe mwishoni mwa miaka ya 80 wakatoa maelekezo ya kuuzima. Kwa hiyo leo utakuta Arrow yenye huo mfumo na nyingine umetolewa, zote zinaitwa Arrow, dashibodi zinafanana. Kabla hujarusha Arrow ya mtu uliza swali hilo moja, hii inashusha yenyewe au haishushi? Rubani aliyezoea inayojishusha akipanda isiyojishusha ndio huyo tunayemsikia ametua na tumbo akiwa na ndege nzima kabisa.

Maana tuseme wazi, ndege nyingi zinazotua bila miguu hazikuwa mbovu. Rubani alisahau. Aliongea na mnara, alikuwa anaangalia ndege nyingine mbele, kuna kitu kilimkatiza, na leva ikabaki juu. Arrow ina honi inayolia ukishusha pawa sana miguu ikiwa ndani, na bado watu wanatua honi inalia kwenye masikio yao. Ndio maana Kapteni alinizoesha kutaja kwa mdomo, miguu chini, kijani tatu, mara ya kwanza nikiwa sambamba na njia, mara ya pili nikigeuka, mara ya tatu njia ikiwa mbele yangu, hata kwenye 172 ya miguu ya kudumu. Abiria wanashangaa. Washangae tu.

Na ikibidi kutua na tumbo kweli? Kwanza watu wajue mara nyingi wanatoka wazima. Mei 2024 pale Newcastle, Australia, ndege ndogo ya injini mbili aina ya Beechcraft King Air miguu iligoma, rubani akazunguka masaa akichoma mafuta, akaiweka kwenye lami kwa tumbo taratibu, yeye na abiria wake wawili wakatoka kwa miguu yao. Siri ni kutokuwa na haraka. Muda ndio kitu pekee ulichonacho kingi, usiutupe. Ukishaamua, tafuta lami ndefu yenye zimamoto, usiende kutafuta majani ukidhani ni laini, majani yanaweza kuchimba na kuigeuza ndege. Mafuta funga na umeme zima pale mwishoni kabisa ukishajua unafika. Na usijaribu kuokoa propela kwa kuzima injini mbali na njia na kuanza kuizungusha kwa stata ikae sawa, nimesikia watu wanasifia hiyo mbinu, mimi siikubali hata kidogo, propela inanunulika. Ni kweli injini ya Lycoming propela yake ikigonga chini ikiwa inazunguka lazima ifunguliwe ikaguliwe mpaka nyuma kwenye gia ya krenki, ni hela nyingi na miezi ya kusubiri vipuri kutoka Marekani. Lipa, au bima ilipe, wewe ukiwa hai.

Sasa je, kwa huku kwetu inafaa? Inategemea unaenda wapi. Kama safari zako ni Dar, Zanzibar, Dodoma, Arusha, Mwanza, Nairobi Wilson, lami kwa lami, Arrow itakufaa sana na utafika mapema kuliko wenzako na mafuta kidogo (na avgas, petroli ya ndege ndogo, ilivyo ngumu kupatikana na bei yake, hilo sio jambo dogo). Kumbuka tu farasi 200 bila tabo kwenye uwanja ulio juu kama Wilson, futi 5,500, saa saba mchana, watu wanne na mabegi, sio kitu cha kulazimisha, fanya hesabu au ondoka alfajiri.

Kama safari zako ni viwanja vya changarawe, Seronera, Mara, mashambani, sikushauri. Sio kwamba haiwezi kutua, inatua, lakini kila kutua unaipulizia miguu mchanga na kokoto kwenye ndoano, swichi na silinda, na matairi yake madogo hayapendi mashimo. Angalia makampuni ya safari wanaendesha nini kwenye hivyo viwanja kila siku: Cessna Caravan, na zamani na hata sasa Cessna 206, zote miguu ya kudumu. Hao ni watu wanaohesabu kila shilingi na wameamua kuupoteza huo mwendo kuliko kubeba mfumo wa kukunja kwenye vumbi. Mtu binafsi mwenye Arrow moja na fundi mmoja hawezi kuwashinda kwenye hesabu hiyo.

Kwa wanafunzi wa leseni ya biashara, hapo naipa alama zote. Inakufundisha leva tatu za injini, miguu, mpangilio wa mapema, nidhamu ya kutaja vitu kwa mdomo, na ikigoma inagoma kistaarabu ukiwa na nafasi ya kufikiri. Chagua tu shule inayokuruhusu kuona ndege ikiwa kwenye jeki. Ukiomba kuona miguu ikikunjwa hangani wakaanza kukuzungusha, tafuta shule nyingine.

Mnunuzi, agiza hivi na usipunguze: ndege iwekwe kwenye jeki ukiwepo, ikunjwe na kukunjuliwa kwa umeme mara kadhaa, halafu ijaribiwe ile ya dharura pampu ikiwa imezimwa, na uangalie kwa macho ndoano zote tatu zinashika bila kusaidiwa na mkono wa fundi. Pitisha kidole kwenye grisi. Ikiwa ngumu, bei ishuke na kazi ifanywe kabla hujalipa. Halafu panga bajeti ya miguu peke yake kila mwaka, tofauti na injini, na baada ya msimu wa kiangazi rudisha ndege hangani isafishwe ndoano na swichi hata kama ukaguzi wa mwaka bado uko mbali. Rafiki yetu mwenye ile ndege sasa anafanya hivyo, na mama yake mkubwa bado anapanda, ila kabla ya kupanda anazunguka kwanza upande wa kushoto anamuuliza fundi kama amepaka grisi.